Mwaka Ambao Sikunyoa Fensi ya Krismasi

Siku ya kwanza kazini nilifika na jembe, kwa sababu nilidhani mtu akiitwa kufanya kazi kwenye kiwanja cha hospitali anaitwa kulima. Mnyapara, yule aliyesimamia wafanyakazi wa nje katika ile hospitali ya misheni upande wa Migori, alilitazama jembe langu, akanitazama na mimi, akauliza, "Omera, ndugu yangu, umekuja kuzika nani?" Wenzangu wakacheka. Mimi sikucheka, lakini pia sikurudi nyumbani, na hapo ndipo nilipoachana na watu wengi wa rika langu.

Nilisoma mpaka darasa la nne. Sisemi kwa aibu. Nasema ili wewe kijana mwenye vyeti ujue kwamba nyumba yangu ya matofali, ng'ombe wangu, na mabinti wangu wawili waliosoma mpaka wakachoka, vyote vilitoka kwenye makasi. Kuanzia Rongo mpaka Isebania, ukiuliza ni nani anajua kunyoa fensi ya miti, utatajiwa jina langu la kazi: Makasi. Jina la ubatizo wamelisahau.

Mnyapara ndiye alinifundisha. Alinipokonya jembe, akanipa makasi ya mikono miwili, vijiti viwili na kamba. "Jicho linadanganya," alisema. "Kamba haidanganyi." Unachomeka kijiti mwanzo wa fensi na kingine mwisho wake, unavuta kamba mpaka ilie ukiigusa, kisha unakata ukiifuata. Halafu kuna bega na kuna tumbo. Bega ni ile kona ya juu, nalo lazima liwe kali kama la sanduku. Tumbo ni ubavu, na chini huachwa pana kidogo kuliko juu ili miguu ya fensi ipate jua. Fensi yenye miguu mitupu ni kama mtu aliyevaa koti bila suruali. Hayo nayajua. Hayo sijawahi kuchanganyikiwa nayo hata siku moja. Yaliyonichanganya yalikuja baadaye, na mengine bado hayajaondoka.

Pale hospitali fensi ilikuwa ya kayaba, ile ya miiba mirefu na matunda ya manjano yanayokunja uso. Ikichanua, vijiua vyake ni vidogo, huwezi kuviona ukiwa mbali, lakini nyuki wanaviona. Siku moja muuguzi alidungwa na nyuki shingoni akitoka zamu. Mnyapara akaniita. "Makasi, sitaki kuona ua kwenye hii fensi. Ukiona kitumba, kata." Kitumba ni ua ambalo bado halijafunguka. Nikakata. Nilifanya kazi pale miaka saba, na katika miaka hiyo kayaba ile haikupata nafasi ya kuchanua tena.

Kutoka hapo nilichukuliwa Homa Bay, kwenye nyumba moja ya wageni karibu na ziwa. Sikuomba kazi, niliitwa. Meneja wa pale alikuwa mtu wa tai hata siku ya joto. Fensi yake ilikuwa ya duranta, ile inayotoa maua ya zambarau yanayoning'inia na baadaye vitunda vya rangi ya chungwa. Siku ya kwanza nikamuuliza kama anapenda maua. Akanijibu kwa sauti ya chini, kama mtu anayemfundisha mtoto adabu mbele ya wageni, "Fundi, fensi ikichanua, imekushinda."

Neno hilo lilinikaa. Nilijiambia hakuna fensi itakayonishinda mimi. Duranta huchanua kwenye ncha za matawi machanga, kwa hiyo ukikata ncha kila baada ya wiki tatu, haichanui kamwe. Wageni walikuwa wakisimama kupiga picha na fensi yangu, nyuma yao ukuta wa kijani, bega kama limepigwa randa. Na kwenye lango palikuwa na bogenvilia nyekundu ambayo Meneja aliniruhusu kuiacha, kwa sababu, alisema, ile ina heshima. Nilikaa naye miaka kumi na mmoja.

Sasa nije nyumbani, kwa sababu kisa chenyewe kiko nyumbani.

Boma langu liko Uriri, upande wa kuelekea Ogwedhi. Mke wangu, Mama Achieng', ni Mkuria wa karibu na Kegonga. Yeye Mkuria, mimi Mjaluo, nyumba yetu ikasimama juu ya Kiswahili, na mpaka leo tukigombana tunagombana kwa Kiswahili, ndiyo maana majirani wote wanatuelewa. Alipoolewa alikuja na mzinga wa gogo. Baba yake aliuchonga kwa mkono wake, akauziba miisho kwa vifuniko vya mbao, akamwambia binti yake autundike mahali penye kivuli. Baba huyo alikufa mwaka uliofuata. Kwa hiyo ule mzinga haukuwa mzinga tu.

Nyuki walikuwa wakiingia mvua za Aprili. Wananguruma, wanafanya kazi, Mama Achieng' anatembea akitabasamu kama aliyepata wageni wa maana. Halafu ikifika Februari, wanaondoka. Si kufa. Wanaondoka wote asubuhi moja, kama watu waliohamishwa kazi. Unafungua unakuta masega makavu na nondo, wale vipepeo wa usiku. Mwaka wa kwanza, wa pili, wa tano, wa kumi. Mimi nilikuwa na maelezo kila mwaka. Nilisema ni moshi wa jikoni. Nilisema ni siafu. Mwaka mmoja nilisema nyuki wa Kegonga hawapendi Wajaluo, akanijibu, "Mimi je, si nimevumilia?"

Jambo moja sikulisema kwa sababu sikulijua. Kila Desemba, wiki moja kabla ya Krismasi, nilikuwa nachukua likizo ya kunyoa fensi yangu mwenyewe. Huku kwetu kila boma hunyoa fensi ya Krismasi. Watoto wanarudi kutoka Nairobi, mashemeji wanakuja, na mtu huhukumiwa kwa fensi kabla hajafika mlangoni. Na mimi, Makasi, ningenyoa vipi? Nilikuwa nanyoa mpaka watu wanakuja kuangalia. Kayaba, duranta, zile nyabend-winy za maua madogo zilizojiotea zenyewe, ambazo wengine huziita magugu, na maua makech, yale ya manjano machungu yanayosimama juu ya kichwa cha mtu. Vyote chini, kamba ikilia. Kwenye kona ya chini, kuelekea kijito, kulikuwa na bondo, mti ule wa mikono mingi inayopanda juu kama vidole vya mtu anayeomba, wenye utomvu mweupe kama maziwa. Nao pia niliukata ncha kila Desemba ili ulingane na fensi. Mwaka mmoja utomvu wake ulinirukia jicho la kushoto, nikakaa siku tatu gizani. Mwaka uliofuata nilifunga kitambaa usoni, nikaukata tena. Nilikwambia, hakuna fensi iliyonishinda.

Kazi yangu ya mwisho ilikuwa kisiwani Takawiri. Aliyenichukua alikuwa mwenye hoteli ndogo ya wageni. Sote tulimwita Mama Mkurugenzi, na alikuwa mwanamke mfupi ambaye hakuwahi kupaza sauti wala kurudia jambo. Wiki yangu ya kwanza nilinyoa duranta yake karibu yote. Ilikuwa imejaa zambarau tele, nami nikaona hii ni kazi iliyomshinda mtu fulani. Jioni nilimwita aje aone bega.

Alisimama akaangalia. Akaangalia tena. "Nani amekwambia ukate?"

"Mama, ilikuwa imechanua."

"Nimeuliza nani amekwambia."

"Fensi ikichanua, imeshinda fundi," nikasema, kwa fahari kabisa.

Akanionyesha mizinga sita nyuma ya jikoni. "Umewanyang'anya hawa chakula."

"Mama, mimi nimekata majani. Sijagusa chakula cha mtu."

Hakunifukuza. Afadhali angenifukuza. Kesho yake aliniwekea kigoda mbele ya fensi, akaniambia nikae pale asubuhi nzima bila makasi, niangalie nyuki wanakwenda wapi, halafu nimwambie. Mimi! Mtu wa miaka zaidi ya hamsini, nakaa kwenye kigoda naangalia wadudu, wavuvi wanapita wanauliza, "Makasi, umeadhibiwa?"

Lakini niliangalia, kwa sababu kazi ni kazi. Na hapo ndipo kichwa kilianza kuniuma. Kwenye lango kulikuwa na bogenvilia kubwa, nyekundu kama ile ya Meneja, yenye heshima. Hakuna nyuki. Hata mmoja. Walikuwa wanaipita kama duka lililofungwa. Pembeni, kwenye nyabend-winy niliyokuwa nimepanga kuing'oa Jumatatu, walikuwa wengi mpaka matawi yanatetemeka. Kwenye vichaka vichache vya duranta ambavyo sikuwa nimevifikia, vivyo hivyo. Kwenye msitu wa maua makech ufukweni, vivyo hivyo. Nikaenda kwa Mama Mkurugenzi nikamwambia, "Mama, hawa nyuki hawana macho. Wanaacha kizuri wanafuata takataka."

"Wana macho," akasema. "Wanafuata maji matamu yaliyo ndani ya ua. Hayo ndiyo nekta, hayo ndiyo yanakuwa asali. Lile la lango lina rangi, halina meza."

"Kwa hiyo nikate lipi?"

"Usikate linalolisha kabla halijamaliza kulisha."

Usiku ule nilirudi kitandani nikalala chali. Mnyapara alisema kitumba kata. Meneja alisema ikichanua imekushinda. Huyu anasema usikate. Wote watatu walinilipa, wote watatu walinisifu. Ni nani alikuwa akisema kweli? Halafu, kama mtu aliyekanyaga reki, nikakumbuka Krismasi. Nikakumbuka Februari. Nikahesabu kwa vidole: nakata Desemba, Januari hakuna hata kitumba, jua kali, mazao yamevunwa, kila boma jirani limenyolewa pia, na ifikapo Februari nyuki wa Mama Achieng' wanafunga safari. Miaka yote hiyo. Moshi wa jikoni!

Sikumwambia Mama Achieng' mara moja. Mwanamume huchukua muda kumeza kitu kikubwa. Nilistaafu Novemba ile, macho yakiwa yamechoka na mgongo ukikataa kupinda, na Mama Mkurugenzi akaniaga kwa maneno mazuri ambayo sitayaandika hapa watu wasiseme najisifu. Nilipofika nyumbani nilikuta nyuki wamo ndani ya gogo, wazima. Lakini Mama Achieng' alikuwa amekwisha kata shauri.

"Baba Achieng'," alisema, akichambua mboga bila kuinua uso, "mwaka huu wakiondoka, nauteremsha ule mzinga. Umeanza kuoza kwenye mwisho mmoja. Baba alisema mzinga mtupu ni kuni. Nitaupasua nipikie, basi, moyo utulie."

Nikamwambia. Nilimwambia kila kitu, kigoda, bogenvilia, Desemba. Aliacha mboga. Mimi nikangoja kelele.

"Kwa hiyo ilikuwa wewe," akasema.

"Ilikuwa makasi."

"Makasi ni nani?"

Makasi ni mimi.

Krismasi ile sikunyoa. Wewe msomaji hujui maana yake. Majirani wote walinyoa, wengine wakanong'ona. Mzee wa jumuiya aliniuliza kanisani kama niko mgonjwa. Shemeji yangu alisimama langoni akaita, "Hodi! Huku bado kuna watu, au ni msitu wa serikali?" Achieng', binti yangu mkubwa, alishuka kwenye gari akauliza kwa sauti ya huruma, "Baba, tukutafutie kijana wa kukusaidia?" Nilivumilia. Duranta ilitoka zambarau. Kayaba ikachanua. Nyabend-winy ikapanda juu ya kila kitu. Na ile bondo, ambayo haikuwahi kuachiwa ncha zake, Januari ikachanua vijiua vya manjano kwenye kila kidole. Sikujua hata kama bondo huchanua. Nyuki walikuwa juu yake kuanzia alfajiri, sauti yao unaisikia ukiwa jikoni.

Februari ikaja. Kila asubuhi Mama Achieng' alikwenda kusimama chini ya mzinga kabla ya kuwasha moto, mimi nikimchungulia dirishani. Wiki ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Nyuki wako pale. Sasa, mimi ni mtu ninayejua kushinda, lakini kushinda kimya sikufundishwa. Nikamwalika Meneja wangu wa zamani, ambaye pia amestaafu na anakaa Rongo, na nikamwalika Afisa wa nyuki, yule kijana wa idara ya mifugo. Nyuki wako chini ya mifugo, pamoja na ng'ombe. Usiniulize kwa nini, nilimwuliza akaanza kucheka. Nilitaka waje waonje asali ya Krismasi isiyonyolewa.

Mama Achieng' hakupenda. "Mapema," alisema. "Baba hakuwa anavuna wakati huu."

"Kwa nini?"

"Sijui. Hakuwa anavuna tu."

Nikatoa sega moja mwenyewe jioni ya Jumapili, kwa moshi wa majani mabichi, nikadungwa mara nne, na Jumatatu nikaliweka kwenye sinia mbele ya wageni, rangi yake nzuri ajabu. Nikasema maneno machache, kama dakika ishirini hivi. Halafu Meneja akatia kipande mdomoni, akiwa na tai yake.

Alitafuna. Akasimama. Akatoa leso. "Fundi," akasema, machozi yakimtoka, "umeweka pilipili?"

"Pilipili ya nini?"

"Koo langu linawaka moto!"

Nikaonja. Ikawa tamu, tamu sana, halafu nyuma ya ulimi ikawaka, ikashuka kooni kama kaa la moto. Nikakohoa mpaka nikashika meza. Mama Achieng' alileta maji, maji hayakusaidia kitu. Meneja akasema, kwa ile sauti yake ya chini ingawa sasa ilikuwa imepasuka, "Fundi, nilikwambia. Imekushinda." Akaenda kukaa kwenye gari lake.

Afisa wa nyuki alionja kwa ncha ya kidole tu. Akaangaza macho kuzunguka boma, yakatua kwenye kona ya chini. "Mzee, ule mti ulichanua lini?"

"Januari."

"Basi ndiyo hiyo. Nekta ya ule mti inachoma koo la mtu. Nyuki haiwadhuru."

Nikasimama. Nilikuwa nimechanganyikiwa mpaka hasira ikawa ndiyo kitu pekee ninachokielewa. Nimekata, nyuki wakakimbia. Nimeacha, asali ikawaka moto. Ningefanya nini? Nikaingia stoo nikatoa msumeno, nikafunga kitambaa usoni, nikateremka kwenye kona. Nilikuwa nimeshaushika mti kwa mkono mmoja niliposikia miguu nyuma yangu.

"Weka chini," Mama Achieng' alisema.

"Mti huu umeniaibisha mara mbili. Kwanza jicho, sasa koo."

"Weka chini, nimekumbuka." Alikuwa anahema. "Baba alikuwa anafungua mzinga mwezi huu. Anaonja kwa kidole. Inamchoma, anacheka, anafunga. Sisi watoto tunalia tunataka asali, anasema, hiki ni chakula chao cha jua, chetu kitakuja na mvua. Nilidhani ananidanganya. Nilidhani ni choyo."

Afisa alikuwa ametufuata. Akasema mambo mengi ya kisomi, lakini yote yalikuwa yale yale aliyosema marehemu mkwe wangu kwa maneno machache: asali ile mtu hawezi kuila, kwa hiyo inabaki ndani, na ikibaki ndani nyuki wana cha kula mpaka mvua. "Mzee," akamaliza, "nadhani huu mti ndio uliowashika nyuki wako wasiondoke."

Nilisimama pale na msumeno. Niliutazama bondo. Duranta iliyosifiwa na wageni, kayaba ya hospitali, bogenvilia yenye heshima, na mwishowe kilichowafanya nyuki wakae ni mti ulionipofusha siku tatu, kwa asali isiyoliwa na mtu yeyote. Eleza wewe uliyesoma. Mimi nimejaribu.

Mvua za Aprili zilikuja. Mwezi Mei Mama Achieng' alifungua gogo la baba yake, akaonja kwa kidole, akanipa na mimi kidole. Haikuwaka. Mwisho ulioanza kuoza tumeuziba kwa ubao mpya, nilioupasua mwenyewe.

Sasa vijana huja kuniuliza siri ya kazi. Nawafundisha kamba, bega na tumbo, kwa sababu hayo ni kweli. Halafu wananiuliza wakate lini na waache lini, nami nawaambia wakae kwanza kwenye kigoda. Hawapendi. Nami pia sikupenda. Desemba imekaribia tena, na shemeji ameshapiga simu kuuliza kama mwaka huu nitamfungulia njia kwa panga. Makasi nimeyatia mafuta. Kila asubuhi nayashika, natoka nayo mpaka kwenye fensi, nasimama.

Halafu Mama Achieng' ananiita kutoka jikoni, "Baba Achieng', chai!" nami narudi na makasi yangu, bila kukata kitu.